Mashine Haiitwi Kwenye Kikao cha Nidhamu: Usimamizi wa Akili Unde Katika Taasisi



1. Utangulizi

Taasisi nyingi bado zinajadili kama ziikubali akili unde, ilhali watumishi wake walishaanza kuitumia. Ofisa masijala anaandaa muhtasari wa kikao kwa ChatGPT kwenye simu yake. Mhasibu anaomba fomula. Ofisa rasilimali watu anachuja barua za maombi ya kazi. Waraka wa menejimenti wa kuongoza matumizi hayo haupo. Hoja yangu ni moja: kila matumizi ya akili unde yawe na mtu mwenye dhamana, anayejulikana kwa cheo, kabla zana haijaanza kazi.

2. Yaliyowapata wenzetu

Februari 2024, baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua shauri dhidi ya shirika la ndege la Air Canada. Abiria aliyefiwa na bibi yake aliuliza habari za nauli ya msiba kwenye tovuti ya shirika. Programu ya mazungumzo ikamjibu kuwa anaweza kununua tiketi kwanza, kisha aombe nafuu ndani ya siku 90. Utaratibu wa shirika haukuruhusu kuomba baada ya safari. Lilipodaiwa, shirika lilijitetea kana kwamba programu ile inajitegemea na kujibebea wajibu wake. Baraza lilikataa utetezi huo na kuamuru abiria alipwe. Fedha zenyewe hazikufika dola 1,000 za Kanada, lakini msimamo uliowekwa ni mzito: aliyeiweka programu mbele ya wateja ndiye anayejibu.

Mwaka 2023 Samsung iliwapiga marufuku wafanyakazi wake kutumia zana za akili unde baada ya baadhi yao kuingiza humo msimbo wa siri wa kampuni. Mwaka huohuo mahakama mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Katika visa vyote vitatu, mashine haikulipa chochote.

3. Sheria inasemaje

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake, na inadhibiti usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019 yenye vifungu vya aina hiyo. Kwa hiyo, mtumishi anayebandika orodha ya wanachama wa SACCOS kwenye zana ambayo seva zake ziko ng'ambo anaweza kuiingiza taasisi matatani bila kujua.

4. Mapendekezo

(a) Daftari la matumizi. Kila idara iorodheshe zana inayotumia, kazi inayofanyiwa, taarifa zinazoingizwa, na cheo cha mwenye dhamana. Wanaojitokeza wasiadhibiwe, la sivyo matumizi yatajificha.

(b) Ngazi za hatari. Kusahihisha lugha ya barua kusiwekwe kapu moja na kuamua nani apewe mkopo au nani aitwe kwenye usaili. Jambo linalogusa riziki au haki ya mtu lisiamuliwe na mashine pekee.

(c) Usimamizi wa kweli. Ofisa anayegonga muhuri kwenye majibu ya mashine bila kupata muda wa kuyasoma hasimamii chochote. Apewe muda, ujuzi na mamlaka ya kuyatengua, na sababu za kuyatengua ziandikwe.

(d) Mikataba. Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe kwa maandishi: taarifa zetu zitahifadhiwa wapi, je, zitatumika kufundishia mifumo mingine, na zitafutwa lini?

(e) Njia ya rufaa. Mwananchi aliyenyimwa huduma aelezwe kuwa mashine ilihusika, na aonyeshwe ofisa wa kumwendea.

5. Hitimisho

Marufuku ya jumla haitekelezeki, kwa kuwa simu iko mfukoni mwa mtumishi. Ruhusa isiyo na masharti nayo ni hatari kwa taasisi na kwa wanaohudumiwa. Nawaomba, mkirudi ofisini, muanze na daftari, ambalo halihitaji bajeti wala mtaalamu wa nje. Na popote safu ya mwenye dhamana katika daftari hilo itakapokosa cheo cha kuandikwa, matumizi hayo yasimamishwe mpaka apatikane.