Kabla ya Dakika 38: Makamanda wa Manowari, Mwele na Unguja



Eldoret iko mbali na bahari, na huenda mtu akauliza manowari zinatuhusu nini. Zinatuhusu sana. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ambayo tawi lake lilifika hapa mwaka 1924, ilianzia pwani iliyokuwa inanyamazishwa kwa mizinga. Jioni hii nawazungumzia waliotoa amri mizinga ilie.

Vita vya Unguja vya tarehe 27 Agosti 1896 mnavijua kwa sifa moja, kwamba ndivyo vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia jumbani kukalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Admirali Harry Rawson, aliyekuwa ndani ya manowari St George, akampa hadi saa tatu asubuhi ashushe bendera. Hakushusha. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza.

Bandarini zilikuwapo manowari tano za Uingereza. (Hata neno manowari tulilipata kwa mabaharia wa Kiingereza.) Mbele ya manowari hizo ilisimama Glasgow peke yake, merikebu ya kifalme ambayo Sultani Barghash aliiagiza baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza merikebu zake. Silaha zake zilikuwa mizinga midogo na bunduki ya Gatling, zawadi ya Malkia Victoria. Kwa silaha hizo mabaharia wake waliifyatulia St George. Nikifikiria ujasiri wa watu wale, sauti hunikauka. Glasgow ikatobolewa, ikaanza kuzama, wakapandisha bendera ya Uingereza kuashiria wamesalimu amri, na mashua za adui zikawaokoa. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi.

Mimi navihesabu vita hivi kuwa vya wenyewe kwa wenyewe. Khalid alikuwa na watu wapatao 2,800. Lakini upande wa Waingereza walisimama askari wa Kizanzibari wapatao 900, jeshi lililoundwa tangu 1877 na Lloyd Mathews, luteni wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa sasa waziri mkuu wa Unguja. Jirani alimwelekezea jirani bunduki. Jumbani walikufa na kujeruhiwa watu wapatao 500; upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Dakika 38 ni hesabu ya mizinga tu. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 1895, Rawson huyo huyo aliwashusha mabaharia wake Mombasa na kuwaongoza kwa miguu hadi Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui katika misitu ya Kwale. Mathews naye alikuwapo, akajeruhiwa begani. Ugomvi ule ulianzia Takaungu: liwali alifariki, na Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani wakati huo ikajichagulia mrithi. Mnaona mfanano? Maiti haijapoa, mgeni anaamua nani akalie kiti, na anayekataa anafuatwa na kamanda yule yule. Nasema Rawson alifika Unguja akiwa na somo la Mwele kichwani, nasi tunaosoma historia ya Kenya tumekosea kuviweka vita hivi viwili katika vitabu tofauti.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa hadi kwenye bustani ya ubalozi, mashua ya manowari Seeadler ikasogea, naye akapanda moja kwa moja bila kukanyaga ardhi nyingine ya Unguja. Akapelekwa Dar es Salaam, mji ule ule aliohamishiwa Mbaruk mwaka huo huo. Waingereza walimkamata huko mwaka 1916, wakamhamishia Shelisheli na Saint Helena, kisha wakamruhusu kurudi. Alifia Mombasa mwaka 1927, miaka mitatu baada ya treni kufika Eldoret.