Baba Naye Anaweza Kufunga Uzazi

Maongezi kwa wamama wanaokuja kliniki

Najua mumekaa muda mrefu kwenye mabenchi kungojea mizani, na watoto wamechoka. Kwa hiyo leo nitasema juu ya jambo moja tu, lakini ni jambo kubwa. Wale wanaojua kusoma wapeleke karatasi hii nyumbani, waisome pamoja na baba wa watoto.

Kila siku ya kliniki tunafundisha juu ya vidonge, sindano, kijiti na kitanzi. Zote hizi ni za mwili wa mama. Mama anabeba mimba, mama anazaa, mama ananyonyesha, na tena ni mama anayetafuta njia ya kupumzika. Lakini iko njia moja ambayo baba anachukua mzigo huu yeye mwenyewe. Inaitwa vasektomi, ni kusema kufunga uzazi kwa mwanamume.

Tuseme mama mmoja amezaa watoto saba. Mara mbili alipasuliwa. Mara ya mwisho alipoteza damu nyingi, na dokta akamwambia: "Mama, mimba ingine iko hatari." Ni kweli, maana kovu la tumbo la uzazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu, na tumbo lililozaa mara nyingi linachoka, halijikazi vizuri kuzuia damu. Bwana wake anasema: "Sitaki kukuzika kwa sababu ya mtoto wa nane. Mimi nitafunga uzazi."

Munafikiri mambo yamekwisha? Hapana, ndiyo yanaanza. Ndugu zake wanamcheka. Mama mkwe analia. Wanafika kwenye kituo cha afya, na wanaambiwa: "Murudi nyumbani, ninyi bado vijana." Wanarudi. Mwaka haujaisha, mama ana mimba ya nane. Mambo ya namna hii yanatokea, na watoto wanabaki bila mama. Ndiyo sababu nataka mujue vizuizi hivi mbele ya kuvikuta njiani.

VASEKTOMI NI KITU GANI?

Mbegu za baba zinatengenezwa katika korodani mbili. Kutoka pale zinapanda katika mirija miwili midogo, myembamba sawa na kamba ya kiatu. Dokta anachoma sindano ya ganzi, baba asisikie maumivu. Halafu anafungua ngozi ya mfuko kidogo sana, anakamata kila mrija, anaukata na kuufunga. Kazi hii haipiti nusu saa. Baba hapewi usingizi, na siku ile ile anarudi nyumbani. Tangu mwaka 1974 iko hata njia ya kutoboa ngozi bila kisu, iliyotengenezwa na dokta Li Shunqiang katika China. Kwa njia hiyo damu inatoka kidogo tu, na mara nyingi hakuna lazima ya kushona.

Mama pia anaweza kufungwa uzazi, lakini kwa mama lazima kufungua tumbo. Kwa baba mirija iko karibu na ngozi, tumbo haliguswi. Kwa hiyo kufunga kwa baba ni kazi nyepesi na hatari yake ni ndogo kushinda kufunga kwa mama.

VIZUIZI VILIVYO NJIANI

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa wa Kigoma, watu wa afya waliwauliza waume na wake ni nini kinawafanya kukubali au kukataa vasektomi. Matokeo yaliandikwa mwaka 2007. Walisikia habari ya umaskini, ya dini, ya waganga wenye sifa nzuri au wasiopatikana, ya wasiwasi juu ya kesho, na ya kutokuelewa vasektomi yenyewe. Tena waliona kwamba neno la bibi lina nguvu sana kwa bwana. Je, kwetu si mambo yale yale? Tuyaangalie moja moja.

1. Woga wa kuwa towashi. Wanaume wengi wanafikiri vasektomi ni sawa na kumhasi mbuzi. Sivyo. Mbuzi anaondolewa korodani zake, na nguvu yake ya dume inatoka ndani yake. Kwa vasektomi korodani zinabaki pale pale. Zinaendelea kufanya kazi, na nguvu ya mwanamume inapita katika damu, haipiti katika mirija ile. Sauti haibadiliki, ndevu hazipotei, tamaa ya kukutana na bibi yake inabaki. Hata maji yanatoka sawa na zamani, maana mbegu ni sehemu ndogo sana ya maji yale. Mbegu zinazobaki ndani, mwili unazimeza tena kidogo kidogo. Baba atalima, atavua samaki, atabeba mizigo sawa na mbele.

2. Maneno ya jamaa. Watasema: "Na kama watoto wanakufa? Na kama bibi anakufa, utamzalia mwingine na nini?" Wamama, tusicheke maswali haya. Sisi wote tumezika watoto, tumekimbia vita, tumeona surua ikipita. Vasektomi ni ya daima. Kufungua tena mirija ni kazi ngumu, haipatikani karibu na kwetu, na mara nyingi haifaulu. Kwa hiyo baba mwenye mashaka asifunge. Tena musifanye shauri hili katika juma la kilio, au siku ya ugomvi, au wakati mtoto wa mwisho angali mchanga na mgonjwa. Ngojeni, na kwa wakati ule tumieni njia ingine. Lakini kama ninyi wawili mumeketi, mumehesabu watoto wenu, mumefikiri hata juu ya kifo, na bado munasema "inatosha", basi shauri ni lenu. Si lazima kuitangazia jamaa yote. Siri ya nyumba si uongo.

3. Dini. Wengine wanaogopa kanisa. Makanisa hayafundishi sawa juu ya jambo hili. Kanisa la Katoliki linakataza, na hospitali zake hazifanyi kazi hii. Makanisa mengi ya Waprotestanti yanaachia bwana na bibi wafikiri na kuamua mbele ya Mungu. Kama dhamiri yenu inasumbuka, mwendeeni mchungaji munayemwamini, ninyi wawili pamoja, mbele ya siku ya kufunga.

4. Mlango wa kituo cha afya. Kizuizi hiki kinaumiza kushinda vingine, maana kinatoka kwetu sisi waganga. Bwana na bibi wanakuja na shauri moja, na mwuguzi anawajibu: "Wanaume wa Afrika hawafanyi ile," au "Murudi mukipata watoto kumi." Pengine mwuguzi mwenyewe hakufundishwa, naye anaficha kutojua kwake.

Zamani sheria pia iliogopesha. Sheria ya mwaka 1933, ya wakati wa Wabelgiji, ilikataza kutangaza dawa za kuzuia mimba. Lakini sheria ya afya ya mwaka 2018 imeruhusu njia za muda na njia za daima, kwa mtu aliyeelezwa vizuri na kukubali kwa hiari yake. Kwa wale waliofunga ndoa inataka wapatane. Basi musiogope kwamba munaomba jambo la haramu. Mukikataliwa, musigombane. Semeni kwa heshima: "Tumeelewa kwamba hapa haifanyiki. Tunaomba utuandikie karatasi ya kutupeleka kwa dokta anayeifanya." Kama mwuguzi hajui dokta yule, aulize kwa mganga mkuu wa zone ya afya. Hospitali inaweza kuwauliza maswali mengi, hata kutaka dokta zaidi ya mmoja awapime. Mujibu kwa subira. Kuulizwa si kukataliwa.

5. Safari na feza. Dokta anayejua kazi hii anaweza kuwa mbali. Mbele ya kufunga safari, ulizeni kwanza: ni siku gani anafanya, ni feza ngapi, na baba atalala wapi. Halafu fanyeni hesabu. Ni safari moja, na kazi inafanywa mara moja tu. Linganisheni na uzazi mmoja wa kupasuliwa, pamoja na dawa, damu, na majuma ambayo mama hawezi kugusa jembe.

MIEZI MITATU YA KWANZA

Hapa nawaomba musikilize vizuri, hata kama mumesahau mengine yote.

Siku baba anapofungwa, mbegu nyingine zimekwisha kupita mbele ya mahali palipokatwa. Zinabaki pale, na zinaweza kutoa mimba bado. Kwa hiyo kwa muda wa miezi mitatu yote ninyi wawili mutumie njia ingine. Baba avae kondomu, ile watu wanaita kapoti, au mama abaki na sindano yake au kijiti chake. Nyuma ya miezi mitatu, baba alete maji yake kwa laboratwari, yaangaliwe kwa mikroskopi. Kama hakuna mbegu, basi amefungwa kweli.

Kwa nini nakaza sana neno hili? Kwa sababu bibi anaweza kupata mimba katika miezi ile, na bwana akasema: "Mimi nimefungwa. Mimba hii ni ya nani?" Mama anapigwa, anafukuzwa, anarudishwa kwa wazazi, na jamaa wanadai mahari yao. Na mama yule hakutoka nje ya ndoa yake hata siku moja! Mimba ni ya bwana wake. Kosa ni la kutongojea miezi mitatu.

Mujue tena hesabu hii. Pale ambapo maji ya baba yanaangaliwa, mama anayepata mimba katika mwaka wa kwanza hafiki mmoja kwa 100. Pale ambapo hayaangaliwi, wanaweza kufika 2 au 3 kwa 100. Mara chache sana mirija inajiunga yenyewe, hata nyuma ya miaka. Kwa hiyo bwana asikie maneno haya kutoka kinywa cha dokta, mbele ya kufungwa, na bibi awe ameketi pale pamoja naye. Kama dokta hasemi, wewe mama uliza: "Dokta, mueleze bwana wangu habari ya miezi mitatu." Swali lile moja linaweza kulinda ndoa yako.

KUMTUNZA BABA NYUMBANI

Apumzike siku mbili. Avae kalsoni ya kubana. Kidonda kibaki kikavu kwa siku mbili au tatu. Kwa juma moja asibebe mzigo mzito, asilime, asipande kinga. Kuumwa kidogo na kuvimba kidogo si ajabu. Paracetamol inatosha, asinywe aspirini. Lakini kama ana homa, au usaha unatoka, au damu haikatiki, au uvimbe unakua kila siku, arudi kwa dokta upesi. Watu wachache wanabaki na maumivu ya muda mrefu. Hao nao warudi wapimwe. Anaweza kukutana na bibi yake nyuma ya siku mbili tatu, kama hasikii maumivu, lakini musisahau kondomu.

Neno lingine: vasektomi haizuii UKIMWI wala magonjwa mengine ya zinaa.

UTAMWAMBIA BWANA WAKO NAMNA GANI?

Usimwambie mbele ya watu, wala siku amerudi na njaa na hasira. Ngojea watoto walale. Mwite kwa jina la mtoto wenu wa kwanza, sawa munavyoitana siku zote. Mwambie: "Baba fulani, tumezaa watoto hawa, tumshukuru Mungu. Mwili wangu umechoka. Kwenye kliniki wametufundisha kwamba baba naye anaweza kufunga uzazi. Sikusukumi. Naomba tu tuende pamoja tumsikilize dokta." Halafu nyamaza. Mwachie siku, hata miezi. Mwili ni wake, na neno la kukubali lazima litoke kwake. Asikubali kwa sababu ya kudanganywa, au ya kupewa feza, au ya kuogopeshwa.

Na kama anakataa? Mama, usirudi nyumbani na mikono mitupu. Kijiti, kitanzi na sindano ziko, na kufungwa uzazi kwa mama pia kuko. Uje tuongee.

MUKUMBUKE

Vasektomi haimfanyi mwanamume kuwa towashi.
Ni ya daima: mwenye mashaka asifunge.
Mukikataliwa mahali pamoja, muombe karatasi ya kwenda pengine.
Miezi mitatu njia ingine, halafu maji yaangaliwe.
Bwana na bibi wasikie maneno ya dokta pamoja.

Juma lijalo, mama anayetaka kuuliza kwa siri aje mbele ya kupima watoto. Na kama baba anakubali kumsindikiza, tutamwekea kiti.