Mnyama wa Msamaria

(Mazungumzo ya redio. Somo: Luka 10:25-37)

Somo la leo twalijua tangu shule ya Jumapili. Mtu mmoja ashuka kwenda Yeriko, wanyang'anyi wamshambulia, naye aachwa kando ya njia akiwa mahututi. Tumezoea kuhubiri juu ya kuhani na Mlawi. Leo nataka tumtazame mnyama.

Maana Msamaria hakuwa na huruma tu. Alikuwa na mafuta na divai, alikuwa na kitambaa cha kufungia majeraha, alikuwa na mnyama wa kumpandisha yule mtu, tena alikuwa na fedha. Na mbele ya safari palikuwapo nyumba ya wageni iliyokubali kumpokea. Ondoa kimoja tu katika hivyo, na majeruhi afa mikononi mwa mtu mwenye huruma.

Basi njoni pamoja nami hadi Mtito Andei. Husemwa kwamba jina hilo kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi, ndege wale wanaokula mizoga. Mji uko karibu nusu ya njia kati ya Nairobi na Mombasa. Upande mmoja ni mbuga ya Tsavo Mashariki, upande wa pili Tsavo Magharibi, zilizotengwa tangu 1948. Ni kama kisiwa, ila bahari yake ni vichaka na ndovu. Malori na mabasi yapita usiku na mchana, na ajali zatokea. Hospitali ya Makindu iko zaidi ya kilomita 60 upande wa Nairobi. Ya Voi iko karibu kilomita 100 upande wa Mombasa. Mtu aliyekatika mshipa hana muda wa kungoja gari litoke huko, limfikie, kisha limrudishe.

Hapo ni kwenye lami. Mama wa Ngwata au Kathekani akishikwa na uchungu usiku wa manane, na damu ikazidi, hupakiwa juu ya pikipiki, dereva mbele, shemeji nyuma akimshika asianguke, katika njia ya mchanga na makorongo. Aliyeumwa na nyoka shambani husafiri vivyo hivyo. Na dereva huyo ajua kuwa ndovu aweza kuwa amesimama njiani gizani. Yeye ndiye mwenye mnyama siku hizi, wala sijasikia tukimwombea kanisani.

Wako wengine wanaoogopa kumgusa majeruhi, wasije wakaitwa kutoa ushahidi na kuzungushwa kituoni na mahakamani. Labda kuhani naye alikuwa na hofu ya namna hiyo. Sisemi kuwa ni hofu ya bure.

Tena gari likipatikana, mlango je? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, imekataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Lakini Oktoba 2015, katika Nairobi yenyewe, mtu aliyegongwa na gari alikaa ndani ya ambulansi kwa muda wa saa 18, akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafa. Mnyama alikuwapo; nyumba ndiyo iliyokosekana.

Na fedha? Kaunti ya Makueni ilipoanza mpango wake wa matibabu mwaka 2016, kila nyumba ilitoa shilingi 500 kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Zile zilikuwa dinari zilizotolewa kabla ya ajali.

Nasi makanisani, mtu akifa twajua kuchanga. Kwa siku tatu jeneza limepatikana, basi la waombolezaji limekodiwa, na ng'ombe amechinjwa. Lakini alipokuwa hai, akihitaji mafuta ya gari ya elfu chache, tulisema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kazi yake kweli, na tusichoke kuidai katika baraza. Ila mgonjwa wa usiku wa leo hawezi kungoja bajeti ya mwaka ujao.

Kanisa lililo kando ya barabara laweza kuweka blanketi, vitambaa safi, na ubao mpana wa kumlazia aliyeumia mgongo. Vijana wafundishwe kukandamiza jeraha bila kuachia kila mara ili kutazama. Wasimpinde shingo aliyeanguka. Wasimnyweshe maji aliyezirai. Msalaba Mwekundu na St John hufundisha mambo hayo. Sadaka moja ya mwezi iwe ya mafuta, itunzwe na akina mama, maana wao hawakopeshi. Mwenye gari mmoja akubali kuamshwa usiku, na nyumba yake ijulikane. Na nambari ya dharura ya Msalaba Mwekundu, 1199, iandikwe kwa chaki kwenye ubao ule ule wa nambari za nyimbo, hata watoto waishike.