Kamusi Elezo Ipi kwa Mwanafunzi wa Bule?

Kamusi elezo ya Britannica ilichapwa kwenye karatasi kwa mara ya mwisho mwaka 2010, katika majuzuu 32. Mwanafunzi wa Bule akiyapekua leo hatalikuta jimbo lake la Ituri, mashariki mwa Kongo, na lisingeweza kuwemo: wakati huo Ituri ilihesabiwa ndani ya Jimbo la Mashariki, lililoongozwa kutoka Kisangani. Ikawa jimbo kamili mwaka 2015, na Bunia ikawa mji wake mkuu.

Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha kamusi elezo yoyote. Msomaji aanze na mahali anapopajua. Bule iko wilaya gani? Djugu. Wilaya za Ituri ni ngapi? Tano: Aru, Djugu, Irumu, Mahagi na Mambasa. Kamusi inayoyumba hapo isiaminiwe haraka inapofika kwenye vita vya Ituri.

Zilizopo mtandaoni zinatofautiana sana. Universalis ya Ufaransa na Britannica zinaandikwa na wataalamu, na wahariri huzipitia kabla hazijamfikia msomaji. Ubora huo una bei: anayetaka kuisoma Universalis yote hulipia, na familia nyingi za Bunia hununua mega za intaneti kwa kubana matumizi. Wikipedia, iliyoanza Januari 2001, husomwa bure na huandikwa na yeyote anayetaka. Ile ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003.

Je, kazi ya watu wa kujitolea inaaminika? Mwaka 2005 jarida la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia na Britannica wazilinganishe. Walikuta wastani wa makosa manne kwa makala katika Wikipedia, na matatu katika Britannica. Britannica ilipinga vikali namna kazi hiyo ilivyofanywa. Hata hivyo, hizo zilikuwa makala za sayansi. Historia ya Djugu haikuwekwa kwenye mizani hiyo.

Na historia ya Djugu ina uzito wake. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, wanamgambo wa CODECO waliishambulia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Plaine Savo, karibu na Bule, wakaua watu wasiopungua 60. Habari ya namna hiyo inahitaji kuandikwa kwa uangalifu, kwa sababu neno moja baya juu ya Wahema au Walendu, jamii mbili zilizopigana katika vita vya Ituri, linaweza kutonesha kidonda kibichi.

Hapo ndipo Wikipedia inapozipita nyingine. Kila makala yake ina ukurasa wa historia unaoonyesha kila badiliko na tarehe yake, na ukurasa wa majadiliano ambamo waandishi wanabishana hadharani. Sentensi ya chuki inaweza kufuatiliwa, ikapingwa, ikaondolewa. Ubaya ni kwamba mwenye chuki naye anaruhusiwa kuandika, na makala isiyo na wasomaji wengi hukaa na kosa muda mrefu. Kwa hiyo mwanafunzi ashuke hadi tanbihi zilizo chini ya makala: dai lisilo na chanzo lisiingie kwenye daftari lake.

Tatizo la gharama ya mtandao nalo lina dawa. Programu ya Kiwix humwezesha mtu kupakua Wikipedia mara moja, kisha akaisoma bila intaneti. Ile ya Kiswahili inaenea kwenye kadi ya memori ya simu, na shule yenye kompyuta moja inaweza kuwawekea wanafunzi ile ya Kifaransa, lugha ya mitihani yao.

Linalobaki ni uandishi. Mwaka 2009 Google iliandaa shindano la makala za Kiswahili, likiwalenga wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Ituri nayo ina Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom. Kwa kuwa Wikipedia inadai vyanzo vilivyochapishwa, simulizi za wazee peke yake hazikubaliwi. Walimu na wanafunzi wa vyuo hivyo wazikusanye simulizi hizo, wazichapishe kama utafiti, kisha waziingize kwenye makala za Djugu na Irumu, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Wakae Wahema na Walendu kwenye meza moja, na kila sentensi ionyeshe ilikotoka.