Nyama ya ndani ya mkate na chumvi yake: tule nini mahali pake?

Maneno haya yalisemwa na mmoja wa wauguzi wa tume yetu ya afya mbele ya mkutano mkuu wa memba. Tumeyaandika karibu jinsi yalivyosemwa, pamoja na maswali yaliyofuata.



Komite iliniomba niseme juu ya chakula tunachogawa siku za mikutano na mafunzo. Mnakijua vizuri: mkate mrefu unakatwa katikati, ndani wanaweka vipande vya mortadela, ao soseji, ao nyama ya bwate, na siagi kidogo. Ni chakula chepesi kugawa. Hakitaki sahani, hakitaki moto, na kila mtu anaona amepewa sawa na mwenzake. Sikuja kuwadharau wamama wanaokitayarisha. Nimekuja kusema juu ya kitu kimoja kilichomo ndani yake: chumvi, ile tunaita munyu.

Wajumbe wa kasha la magonjwa watanishuhudia. Malaria inakuja, inatibiwa, inaisha. Mama akizaa kwa kupasuliwa, tunalipa mara moja. Lakini kuna ugonjwa unaorudi kila mwezi kuomba dawa, nao ni tansio. Na siku mtu wa tansio anapoanguka, mkono na mguu vikafa upande mmoja, kasha haliwezi kumrudishia ule mkono. Kama alikuwa analima ao anavua, nyumba nzima inaanza kuomba. Njo maana nasema habari hii ni ya afya, na tena ni ya pesa zetu.

Tansio haisemi. Mtu anaweza kuwa na 160 juu ya 100 na anacheka na wenzake. Kipimo kikirudia kuonyesha 140 juu ya 90 ao zaidi, kwa siku tofauti, huyo ameshaingia. Sababu ni nyingi: umri, ukoo, unene, pombe, kukaa bila kutembea. Chumvi ni moja kati ya hizo, na ndiyo ile tunayoweza kuipunguza kwa mkono wetu wenyewe, bila kulipa franka hata moja.

Sasa, chumvi ngapi inatosha? Hapa wengi wetu tuna kipimo tunachokumbuka. Kule Lugufu na Nyarugusu, tulipopanga mstari na kadi ya posho, PAM walitupimia unga, maharage, mafuta na chumvi. Ile chumvi hesabu yake ilikuwa gramu 5 kwa mtu kwa siku. Gramu 5 ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa juu. Na OMS, Shirika la Afya Duniani, linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku nzima, kwa chakula chote. Mtoto apate chini ya hapo. Tulikuwa tunanung'unika juu ya posho, na haki tulikuwa nayo, lakini kwa chumvi walipima sawa.

Tuliporudi tukapata soko, na soko ni jambo jema. Lakini chumvi ya leo haitoki tu kwenye kile kikopo cha jikoni. Inatoka ndani ya vitu vilivyotengenezwa tayari, mahali ambapo macho hayaioni. Tuhesabu pamoja.

Mortadela na nyama ya bwate, kwa kawaida, zina gramu 2 mpaka 2 na nusu za chumvi katika kila gramu 100. Salami na soseji kavu zinaweza kufika 4 na zaidi. Nyama mbichi ya ng'ombe, kabla hujaigusa na chumvi, haifikii hata robo ya gramu. Mkate wenyewe uko na gramu 1 na kitu kwa kila gramu 100. Basi mtu akila nusu ya mkate mrefu, na ndani vipande vya mortadela vya gramu 60, ameingiza karibu gramu 3. Hiyo ni zaidi ya nusu ya siku yake, na bado ni saa sita za mchana. Jioni atakula bugali na sombe iliyotiwa kube za supu, na kila kube, zaidi ya nusu yake ni chumvi tupu. Haba na haba hujaza kibaba: hapo kibaba kimejaa na kumwagika.

Mtaniuliza: hao wenye viwanda wanatia chumvi yote hiyo ya nini? Si kwa ubaya. Chumvi inavuta maji ya nyama, na vijidudu vinavyoozesha vinakosa maji ya kuishi. Tena inashikanisha nyama iliyosagwa ili ikatike vipande vizuri, na inaleta ladha pale nyama ni chache na mafuta ni mengi. Kwetu sisi tusio na frigo, chumvi ndiyo frigo ya babu zetu. Hilo mlishike, kwa sababu tutalirudia: ukitoa chumvi, umetoa pia ule ulinzi.

Sasa tule nini mahali pake? Nimeleta njia nne, zote za soko letu.

Ya kwanza ni nyama tunayoipika wenyewe. Nunua kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, kipande kizima. Iweke katika maji pamoja na kitunguu, vitunguu saumu vingi, tangawizi iliyopondwa na pilipili manga. Chumvi iwe nusu kijiko cha chai, basi. Ichemke polepole mpaka ilainike. Ikae ndani ya supu yake juu ya makaa mpaka saa ya kula, kisha itoe, ikate vipande vyembamba kwa kukingamiza nyuzi zake, na ukamulie ndimu. Kilo moja mbichi ikiiva inabaki kama gramu 600 ao 700, nayo inatosha mikate kumi. Ile nusu kijiko imegawanyika kwa watu kumi, na nyingine imebaki ndani ya supu. Kila mtu anapata chini ya theluthi moja ya gramu, wakati mortadela ingempa zaidi ya gramu moja. Kuku unaweza kufanya vilevile.

Ya pili ni mayai. Yai moja, bila kutiwa chumvi, halina hata robo ya gramu. Lichemshe, liponde na nyanya mbichi, kitunguu na pilipili. Watoto wanalipenda, na halitaki jino.

Ya tatu ni samaki wetu. Tunakaa kando ya Tanganyika halafu tunanunua nyama ya bwate iliyovuka bahari! Mukeke wa kuchoma, ukitolewa miiba na kupondwa na ndimu, ni kitoweo cha mkate kisicho na aibu. Ndagala waliokaushwa kwa jua peke yake hawana chumvi ya kuongezwa. Lakini wakati wa mvua wengine wanawatia chumvi ili wasioze, kwa hiyo onja mmoja kabla ya kununua. Wakiwa na chumvi, waoshe katika maji ya vuguvugu mara mbili. Makayabu ni kitu kingine kabisa: yale yamelala ndani ya chumvi. Anayeyapenda ayaloweke toka jioni mpaka kesho yake na kubadilisha maji mara tatu ao nne, na chungu asikitie chumvi tena. Mwenye tansio ayale mara chache sana.

Ya nne, na ya bei ndogo kuliko zote, ni maharage na karanga. Maharage yaliyopondwa na vitunguu saumu, mafuta kidogo na pilipili, yakipakwa ndani ya mkate, yanashibisha mpaka jioni. Karanga za kukaanga na kusagwa nyumbani bila chumvi zinaingia mahali pa siagi. Ile siagi ya dukani nayo mara nyingi iko na chumvi.

Kwa njia zote hizi, ulimi utalalamika. Wiki za kwanza chakula kitaonekana kimepooza. Vumilieni. Ulimi unajifunza, na baada ya wiki chache ni ile mortadela ndiyo itakayowachoma. Ndimu, tangawizi, saumu na pilipili vinasaidia kuvuka zile siku.

Narudi kwa onyo nililowaahidi. Nyama yenye chumvi kidogo haikai. Ipikwe asubuhi ya siku ileile, na ikishatolewa motoni isipite saa mbili kabla ya kuliwa. Iliyobaki isilazwe mpaka kesho bila frigo. Na mtu asijaribu kukausha ao kutengeneza soseji zake kwa kupunguza chumvi kwa kukisia. Tukikimbia tansio tusije tukaangukia sumu ya chakula.

Sasa nasema na ndugu zetu walioko Marekani, Kanada na Ulaya, ambao wengi wao tuliachana nao kambini na ambao michango yao inasimamisha kazi hii. Kwenu kule nyama ya mkate iko kila duka, na wengi wenu mnaibeba kazini kila siku. Someni kibandiko. Ulaya wanaandika chumvi kwa gramu, mara nyingi kwa kila gramu 100. Marekani wanaandika sodiamu kwa miligramu, kwa kila kipimo cha kula. Ili sodiamu iwe chumvi, zidisha mara 2 na nusu: miligramu 600 za sodiamu ni gramu 1 na nusu ya chumvi. Tena angalieni kipimo chenyewe. Wanaandika kipimo cha gramu 56, wewe unaweka mara mbili yake.

Maneno ya mbele ya pakiti nayo yana maana tofauti. Kule Marekani, wakisema sodiamu imepunguzwa, maana yake ni pungufu kwa asilimia 25 kuliko ile ya kawaida. Kama ya kawaida ilikuwa nyingi sana, bado ni nyingi. Wakisema sodiamu ni ndogo, hapo kipimo kimoja hakipiti miligramu 140. Hiyo ndiyo ya kutafuta, ao ile isiyoongezwa chumvi kabisa. Na kama kuna siku ya mapumziko, okeni kifua cha kuku ao cha bata mzinga nyumbani, mkikate, mkiweke ndani ya frigo kwa siku tatu ao nne. Ninyi frigo mnayo.

Na kwa yule anayependa kusaidia chakula cha mafunzo, namwomba atume pesa ya soko kuliko bwate. Franka zile zinakwenda kwa mchinjaji, kwa mama wa ndagala, kwa mama wa mayai. Nao wengi ni memba walio mbele yangu hapa.

Kwa hiyo tume ya afya inaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Moja, kuanzia mafunzo yajayo, ndani ya mkate kuwe na nyama ya kuchemsha, mayai, samaki ao maharage, na mortadela tuiache. Mbili, kube za supu zisiingie katika chungu cha chama, hata siku za matanga. Tatu, kabla ya kila mkutano mkuu, memba wote wenye miaka 40 na zaidi wapimwe tansio hapa mlangoni. Kifaa tunacho. Kinachokosekana ni watu kufika nusu saa mapema.



Maswali

Mama mmoja aliuliza: Nikipunguza chumvi, naweza kuacha dawa ya tansio?
Hapana, mama. Dawa inaachwa ao kubadilishwa na muganga peke yake, baada ya kupima. Kupunguza chumvi kunaisaidia dawa ifanye kazi. Ukiacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, tansio inapanda tena bila kukuambia.

Baba mmoja aliuliza: Mtoto wangu aliye Ulaya anasema kuna chumvi ya wagonjwa. Anitumie?
Ile imechanganywa na potasiamu mahali pa sehemu ya sodiamu. Kwa watu wazima wengi ni nzuri, na mwaka 2025 OMS ilishauri itumike nyumbani mahali pa chumvi ya kawaida. Lakini ushauri ule hauwahusu wenye ugonjwa wa figo, wanawake wenye mimba, wala watoto. Na kuna dawa za tansio ambazo hazipatani nayo. Uliza kituo cha afya kwanza, baba, ukiwa na dawa zako mkononi.

Kijana mmoja aliuliza: Basi si afadhali tuache chumvi kabisa?
Hapana. Mwili unaihitaji kidogo, na chumvi yenye iodi ndiyo inayotukinga na rovu, na inalinda akili ya mtoto aliye tumboni. Nunueni ile iliyoandikwa kuwa ina iodi, ifungeni vizuri isipate unyevu, na itieni kidogo.

Mkutano ulipiga kura kwa kuinua mikono. Mambo yote matatu yalikubaliwa. La kube za supu lilibishaniwa zaidi kuliko mengine, likapita kwa kura chache. Wamama wa jikoni wameomba pesa ya kununua sufuria moja kubwa na visu viwili vikali, na komite imeliandika ombi hilo katika bajeti ya muhula unaokuja.