DHAMANA YA NAFASI YA MAFUNZO YA URUBANI KWA MAOFISA WATARAJIWA: MAANA YAKE NA MIPAKA YAKE

Maelezo kamili ya mazungumzo

Wahenga wamesema ahadi ni deni. Mazungumzo haya yanahusu ahadi inayotiwa saini nchini Marekani, ambapo kijana aliyeko chuoni, ambaye pengine hajawahi hata siku moja kushika usukani wa ndege, huahidiwa nafasi katika mafunzo ya urubani wa kijeshi kabla hajawa ofisa. Mpango huo ni wa raia wa Marekani peke yao. Hata hivyo, zipo familia za pwani ya Afrika Mashariki ambazo watoto wao wamezaliwa huko au wamepata uraia wa huko, na kwao jambo hili si hadithi ya mbali. Aidha, kwa yeyote anayeishi kwa mikataba na barua za ajira, lipo funzo katika kulitazama neno "dhamana" na kuuliza ni kitu gani hasa kilichodhaminiwa.

CHIMBUKO LA MPANGO

Kikosi cha Marine cha Marekani ni jeshi linalopigana nchi kavu likitokea baharini, na lina ndege na helikopta zake lenyewe. Tangu mwaka 1935 kikosi hicho kimekuwa na mpango wa Mafunzo ya Viongozi wa Platuni, unaowachukua wanafunzi wa vyuo vya kiraia. Wakati wa masomo mwanafunzi huendelea na maisha yake ya kawaida. Mafunzo hufanyika wakati wa likizo ya kiangazi huko Quantico, katika jimbo la Virginia, ama kwa awamu mbili za wiki sita kila moja, au kwa awamu moja ya wiki kumi. Akifaulu na kuhitimu chuo, hupewa kamisheni ya Luteni Usu.

Ndani ya mpango huo ipo mikataba ya aina mbalimbali. Upo mkataba wa kazi za nchi kavu, upo wa wanasheria, na upo mkataba wa anga. Huu wa mwisho ndio wenye dhamana inayozungumzwa hapa.

SABABU YA KUWEPO DHAMANA

Ili thamani ya mkataba wa anga ifahamike, ni vyema kwanza ikaelezwa hali ya asiyekuwa nao. Kila ofisa mpya wa Marine, hata atakayekuwa rubani au mwanasheria, hupitia Skuli ya Msingi ya maofisa huko Quantico kwa muda wa miezi sita hivi. Humo hujifunza kuongoza platuni ya askari wa miguu. Kabla ya kumaliza, maofisa wa mkataba wa nchi kavu hugawiwa fani zao: mizinga, ugavi, mawasiliano, vifaru vya maji na nyinginezo.

Mgawanyo huo haufuati matakwa ya mtu peke yake. Darasa hupangwa kwa alama kutoka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha hukatwa mafungu matatu, na nafasi za kila fani hugawiwa katika mafungu yote. Makusudio ni kwamba fani moja isijichukulie wote walio bora na nyingine ikaachiwa wote walio dhaifu. Kwa hiyo huenda ofisa aliyeshika nafasi ya juu katika fungu la pili akapata alichokitaka, na mwenzake aliye mwisho wa fungu la kwanza, mwenye alama nyingi zaidi, akakikosa. Nafasi za urubani zinazofika katika mgawanyo huo ni chache.

Mwenye mkataba wa anga haingii katika ushindani huo. Husoma Skuli ya Msingi kama wenzake, hutembea maporini na kulala mvuani kama wenzake, lakini siku ya kugawiwa fani kiti chake cha urubani kipo tayari. Hili ndilo jambo kubwa ambalo dhamana humfanyia. Linganisha na mwanafunzi wa Chuo cha Jeshi la Majini kilichopo Annapolis, ambaye hufahamu fani atakayopangiwa akiwa katika mwaka wake wa mwisho.

Serikali nayo ina faida yake. Kijana mwenye afya, akili na wepesi wa mikono unaofaa kwa urubani ana milango mingi mbele yake, likiwemo shirika la ndege lenye mshahara mnono. Kumwahidi mapema ni njia ya kumpata kabla mwingine hajampata.

MASHARTI KABLA YA SAINI

Ahadi hiyo haitolewi kwa kila aombaye. Mwombaji hufanya mtihani maalumu wa kuchagua wanafunzi wa urubani, unaotumiwa na Jeshi la Majini na Kikosi cha Marine. Hupimwa hesabu, ufahamu wa maandishi, elimu ya mitambo na maarifa ya anga. Vilevile huwekwa mbele ya kompyuta akashika usukani na kufuatilia shabaha huku akisikiliza maagizo masikioni. Alama huanzia 1 hadi 9. Kwa rubani mtarajiwa wa Marine hutakiwa zisipungue 4 katika upande wa taaluma na 6 katika upande wa urubani.

Mtihani huo hufanywa mara tatu tu katika maisha ya mtu, na matokeo yanayohesabika ni ya mara ya mwisho, hata yakiwa chini ya yale yaliyotangulia. Kijana aliyepata alama za kutosha akarudia kwa tamaa ya kuongeza, anaweza akapoteza hata zile alizokuwa nazo. Baada ya mtihani ufuatao ni uchunguzi wa afya: macho, masikio, moyo, hata urefu wa mikono na miguu, maana chumba cha rubani hakiongezwi wala hakipunguzwi kwa ajili ya mtu mmoja.

KILICHODHAMINIWA NA KISICHODHAMINIWA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Dhamana ni ya kiti darasani. Mambo yafuatayo hayamo:

(a) Kamisheni haikudhaminiwa. Atakayeshindwa mafunzo ya Quantico hatakuwa ofisa, na mkataba wa anga hautamsaidia.

(b) Afya haikudhaminiwa. Anapofika Pensacola, katika jimbo la Florida, madaktari wa anga humchunguza upya. Maradhi yaliyojitokeza baada ya saini yanaweza kumfungia mlango.

(c) Beji ya mabawa haikudhaminiwa. Pensacola huanza na masomo ya nadharia ya urukaji, hali ya hewa, injini na uongozaji wa ndege, pamoja na kuogelea na kujiokoa majini, na saa chache za kurushwa katika ndege ndogo. Kisha huja mafunzo ya awali katika ndege aina ya T-6B, ama Whiting Field huko huko Florida, au Corpus Christi, Texas. Kila safari ya angani hupewa alama, na wapo wanaorudishwa njiani.

(d) Aina ya ndege haikudhaminiwa. Baada ya mafunzo ya awali, wanafunzi hugawiwa njia zao: jeti, helikopta, ndege za usafirishaji, au ndege zinazopaa wima na kisha kuinamisha panga zake mbele. Kinachoamua ni alama, matakwa ya mwanafunzi na mahitaji ya kikosi, na mahitaji ya kikosi ndiyo yenye neno la mwisho. Aliyetia saini akiiota jeti anaweza kumaliza utumishi wake wote katika helikopta.

Anayeshindwa mafunzo ya urubani baada ya kupata kamisheni harudishwi nyumbani kwa khiari yake. Bado ni ofisa, na hupangiwa kazi nyingine kadiri kikosi kinavyohitaji. Aliyekimbia mgawanyo wa fani hujikuta ameurudia, safari hii akiwa na chaguo dogo zaidi.

DENI LA UPANDE WA PILI

Mwanafunzi wa mpango huu ana uhuru mmoja mkubwa: anaweza kumaliza mafunzo ya Quantico na bado akaikataa kamisheni, ingawa aliyepokea msaada wa fedha za masomo huwa na masharti yake ya ziada. Akishakula kiapo, hesabu hubadilika.

Sheria ya Marekani imeweka kima cha chini cha utumishi kwa rubani wa kijeshi kuwa miaka 8 kwa aliyefunzwa ndege za jeti zenye mabawa yasiyozunguka, na miaka 6 kwa aliyefunzwa ndege za aina nyingine. Majeshi yanaruhusiwa kudai zaidi, na Jeshi la Anga hudai miaka 10. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba miaka hiyo haianzi siku ya kula kiapo. Huanza mafunzo ya urubani yanapokamilika. Chukua mfano wa kijana anayepata kamisheni akiwa na miaka 22. Skuli ya Msingi, kungoja zamu na mafunzo yenyewe vikimchukua miaka mitatu, atavaa mabawa akiwa na miaka 25. Akiwa rubani wa jeti, hatakuwa huru kabla ya kutimiza miaka 33. Saini aliyoitia akiwa na miaka 19 itakuwa imeamua ujana wake wote.

Pamoja na hayo, wapo walioujua uzito huo na wakaubeba. Frank E. Petersen alijiunga na Jeshi la Majini mwaka 1950, akaingia katika mpango wa kadeti wa urubani wa zama zile, na mwaka 1952 akawa rubani wa kwanza mwenye asili ya Afrika katika Kikosi cha Marine. Alipigana Korea na Vietnam, na mwaka 1979 akawa jenerali wa kwanza mwenye asili hiyo katika kikosi hicho. Mpango ule ulimfungulia mlango. Yaliyofuata aliyapata kwa kazi yake.

HITIMISHO

Ndugu Wananchi, mzazi ambaye mwanawe ameletewa mkataba wa namna hii, huko Marekani au kwengineko, atamfaa zaidi kwa kumuuliza maswali manne kuliko kwa kumpongeza au kumkataza. Kilichoahidiwa ni kitu gani? Kitaondoshwa kwa sababu zipi? Nikishindwa, nitapelekwa wapi? Na deni langu linaanza kuhesabiwa siku gani?

Kijana anayeweza kuyajibu yote manne kwa maneno yake mwenyewe yuko tayari kutia saini. Asiyeweza, na asubiri kwanza, kalamu haitamkimbia.