Mzee Anaona Nini? Macho, Ubongo na Matunzo ya Mgonjwa wa Demensia

Mada kwa semina ya walezi wa wazee

1. Utangulizi



Malalamiko tunayoyasikia kuhusu wazee wenye demensia hufanana: bibi hataki kuoga, babu anasusa chakula, mama anaongea na watu wasiokuwepo. Nyumbani tunasema amekuwa mkaidi. Hoja yangu ni kwamba sehemu isiyo ndogo ya ukaidi huo huanzia kwenye kuona, na kwamba kurekebisha chumba ni rahisi kuliko kumrekebisha mzee.

2. Jicho hupokea, ubongo hutambua

Jicho hupokea mwanga. Kutambua kwamba hiki ni kikombe, yule ni mwanangu na ngazi hii ni ya mwisho ni kazi ya ubongo. Mzee wa demensia ana mizigo miwili. Wa kwanza ni umri: retina ya mtu wa miaka 60 hupata takriban theluthi moja tu ya mwanga unaoifikia retina ya kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni imepungua na lenzi imeingia umanjano. Hapo bado hatujataja mtoto wa jicho, presha ya macho na madhara ya kisukari.

Mzigo wa pili ni ubongo wenyewe. Ugonjwa unapunguza uwezo wa kutofautisha rangi zinazokaribiana, kukadiria kina na umbali, na kugundua kinachotokea pembeni. Ndiyo maana mzee anaweza kusoma herufi zote kliniki, akarudi nyumbani akashindwa kukiona kijiko kilicho mbele yake.

Kwa wengine shida ya kuona hutangulia hata kusahau. Mwandishi wa Uingereza Terry Pratchett aliambiwa mwaka 2007 kwamba ana aina ya Alzheimer, mojawapo ya maradhi ya demensia, inayoanzia nyuma ya ubongo, sehemu inayoshughulikia kuona. Kuchapa kulimshinda, lakini aliendelea kutunga riwaya kwa imla. Alifariki mwaka 2015.

3. Bafuni na mezani

Tuingie bafuni. Vigae vyeupe, choo cheupe, ndoo nyeupe, na mlangoni zulia dogo jeusi la kufutia miguu. Mzee anafika, anasita, anashika fremu ya mlango. Anainua mguu juu kama anayetaka kuruka mtaro, kisha anaurudisha. Mlezi anamvuta mkono, mzee anapiga kelele. Zulia lile kwake ni shimo. Vigae vinavyong'aa ni maji yaliyotuama. Choo kimepotelea kwenye weupe wa sakafu, basi anajisaidia kando yake. Maji ndani ya ndoo hayaoni mpaka yammwagikie mwilini.

Dawa yake haina gharama kubwa. Ondoa zulia au weka linalofanana na sakafu. Funga kifuniko chekundu au cha buluu iliyokoza kwenye choo, na bandika utepe wa rangi kali kwenye ukingo wa kila ngazi. Kabla ya kummwagia maji, mwambie, kisha mgusishe maji mkononi.

Mezani ni hivyo hivyo. Ugali mweupe kwenye sahani nyeupe huonekana kama sahani tupu. Utafiti uliofanywa Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba wagonjwa wa Alzheimer waliofikia hatua kubwa walikula takriban asilimia 25 zaidi walipopewa sahani nyekundu. Epuka pia sahani zenye maua. Mzee ataishia kuyachota maua kwa kijiko.

4. Anapoona kisichokuwepo

Tutofautishe mambo mawili. Koti lililotundikwa likionekana mtu, au sura yake kwenye kioo ikawa mgeni, hapo kipo kitu kinachotafsiriwa vibaya. Washa taa kabla ya magharibi, vuta pazia, funika kioo kwa khanga.

Maruweruwe ni kuona pasipo na kitu: watoto chumbani, wanyama kitandani. Hutokea sana kwa wenye aina nyingine ya demensia, iitwayo demensia ya miili ya Lewy. Hawa dawa za kutuliza kama haloperidoli zinaweza kuwadhuru vibaya, kwa hiyo mweleze daktari dalili zote kabla hajaandika dawa. Maruweruwe yakianza ghafla, wahi hospitali: huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya. Na wapo wenye akili timamu wanaoona picha kwa sababu tu macho yamefifia.

Usibishane na mzee, wala usijifanye unaona. Mwambie, "Mimi simwoni, mama, lakini nipo hapa nawe." Kama haogopi, acha yapite.

Kuyaelewa maruweruwe kwetu ni suala la uhai. Kanda ya Ziwa, Tanzania, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Bibi anayezungumza na asiyeonekana yumo hatarini zaidi. Majirani waelezwe mapema kwamba ni ugonjwa.

5. Mapendekezo

(a) Mzee apimwe macho kila mwaka. Asiyeweza kutaja herufi hupimwa kwa picha. Mtoto wa jicho hutibika, na kliniki za macho kama za KCMC Moshi na CCBRT Dar es Salaam hufanya upasuaji huo.

(b) Miwani isafishwe kila asubuhi, na ya zamani iondolewe nyumbani isichanganywe na mpya.

(c) Msogelee kutoka mbele, kaa usawa wa macho yake, jitaje jina.

(d) Walio katika umri wa kati wasipuuze macho. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 imeuweka upungufu wa kuona usiotibiwa kati ya vihatarishi 14 vya demensia vinavyoweza kudhibitiwa.

(e) Kila mshiriki, kabla ya kikao kijacho, akae jioni kwenye kiti cha mzee wake, aangalie njia ya kwenda chooni, na aandike kila doa jeusi, kivuli na mng'ao. Orodha hizo ndizo tutakazozifanyia kazi hapa.

Nakaribisha maswali.